Themanini Ni Nguzo Ngapi?

  Iwe uko Nyeri mjini unangoja chai ichemke, iwe uko Karatina unapanga nyanya sokoni, iwe uko Nanyuki, Kerugoya, Embu au Meru, karibu tukae pamoja kwa dakika hizi chache. Na kama uko ndani ya matatu, dereva amefungulia redio, basi mazungumzo ya leo ni yako zaidi. Ni ya dereva wako pia.

Leo tunazungumza juu ya kasi. Nataka tujifunze pamoja namna ya kuitoa kasi kwenye kipimo kimoja na kuitia kwenye kingine. Najua kuna mtu ameshanyoosha mkono azime redio, akisema hayo ni mambo ya darasani. Ngoja kidogo, ndugu yangu. Ngoja nikusimulie.

Miezi michache iliyopita nilisimama kando ya barabara kati ya Chaka na Naro Moru, kwa shosho mmoja anayeuza viazi. Viazi vyake huvipanga kwenye ndoo mpaka kilele kinachongoka kama Mlima Kenya wenyewe siku ya anga safi. Nyumba yake iko ng'ambo ya pili ya barabara. Asubuhi huvuka na ndoo, jioni huvuka na ndoo. Tulipokuwa tunazungumza, matatu ikapita, upepo wake ukapeperusha leso yake, na nyuma ya ile matatu tukaona kile kibandiko cha duara mnachokijua: 80.

Shosho akaniuliza, "Mjukuu wangu, hiyo themanini ni themanini ya nini?"

Nikamjibu, "Ni kilomita themanini kwa saa, shosho. Ndio mwisho wake kisheria."

Akanitazama. "Kwa saa? Kwani mimi hii barabara naivuka kwa saa nzima?"

Wasikilizaji, swali hilo nimelibeba hadi leo. Sote tunaijua ile 80. Wengi wetu tunaikumbuka Februari ya 2004, sheria za marehemu John Michuki, mwana wa Murang'a aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zilipoanza kufanya kazi. Mikanda ikafungwa, mstari wa manjano ukachorwa ubavuni mwa matatu, na kidhibiti mwendo, ile tunayoiita spidi gavana, kikawekwa ili gari la abiria lisipite kilomita 80 kwa saa. Tangu hapo tunaisoma 80 kila siku. Lakini saa ni kipimo cha mtu aliye safarini. Anayevuka barabara hana saa. Ana sekunde chache tu. Kwa hiyo ile 80 imeandikwa kwa lugha ya dereva, na aliye kando ya barabara hajatafsiriwa.

Basi tuitafsiri. Tuipige hesabu polepole.

Kilomita moja ina mita ngapi? Mita 1,000. Saa moja ina sekunde ngapi? Dakika 60, kila dakika ina sekunde 60, jumla sekunde 3,600. Kwa hiyo gari la kilomita 80 kwa saa linamaliza mita 80,000 kwa sekunde 3,600. Gawanya. Unapata mita 22 na kitu kidogo kwa kila sekunde. Nairudia: mita 22 kila sekunde. Ukitamka neno "moja", gari limeshakula mita 22. Ukitamka "mbili", mita 44.

Mwalimu atakuambia ugawanye kwa 3.6, na yuko sahihi. Lakini nani atagawanya kwa 3.6 akiwa na mtoto mgongoni? Iko njia ya mkato, na naomba uishike. Chukua kilomita kwa saa, toa nusu yake, kisha toa nusu ya hiyo nusu, halafu ongeza sehemu moja ya kumi ya ulichopata. Tujaribu na 80. Nusu yake ni 40. Nusu ya 40 ni 20. Sehemu ya kumi ya 20 ni 2. Ishirini na mbili ni 22. Umeona?

Tujaribu 50, ambayo ndiyo sheria inayotaka ndani ya miji na vituo vya biashara. Nusu ni 25, nusu yake ni 12 na nusu, ongeza moja na kidogo, inakaribia 14. Na 100 je? Nusu 50, nusu 25, ongeza mbili na nusu, ni kama mita 28 kila sekunde. Hayo ya 100 nimeyataja kwa sababu sote tunajua yapo magari ya abiria ambayo kidhibiti chake ni pambo.

Na kurudi? Ukiwa na mita kwa sekunde unataka kilomita kwa saa, zidisha kwa nne, kisha punguza sehemu moja ya kumi. Mita 10 kwa sekunde: mara nne ni 40, toa 4, ni kilomita 36 kwa saa. Hiyo ya kurudi haina kosa hata chembe.

Sasa tumlete mtoto wa shule barabarani. Mtoto anayetembea kwa mwendo wa kawaida hufanya kama kilomita 5 kwa saa. Ipitishe kwenye njia yetu: ni mita moja na nukta nne kila sekunde. Barabara ya upana wa mita 7 ataivuka kwa sekunde ngapi? Sekunde 5. Na katika hizo sekunde 5, gari la 80 limetembea mita ngapi? Mita 22 mara tano, ni mita 110. Wewe wa Nyeri, fikiria uwanja wa Ruring'u. Gari lililokuwa goli la kule wakati mtoto anashusha mguu kwenye lami, limeshafika goli la huku na kupita kabla hajapandisha mguu ng'ambo. Mtoto alitazama, akaona gari liko mbali, na kweli lilikuwa mbali. Hakukosea kutazama. Hakuna aliyemwambia kwamba mbali ile ina sekunde 5 tu ndani yake.

Dereva huyo angekuwa kwenye 50, kama sheria inavyotaka pale sokoni, katika sekunde zile zile 5 angetembea mita 70. Tofauti ni mita 40. Katika mita 40 kuna mtoto anayefika shuleni.

Sasa niwageukie madereva wangu. Dereva, wewe unajua breki yako. Lakini breki haianzi kufanya kazi pale jicho linapoona. Jicho linaona, akili inaelewa, mguu unahama kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki, na muda wote huo gari linakwenda mita 22, mita 22. Kitabu cha sheria za barabara cha Uingereza kimeiandika hesabu hii waziwazi kwa wanaojifunza kuendesha. Gari linalokwenda maili 50 kwa saa linahitaji mita 53 ili lisimame: mita 15 zinaisha ukiwa bado unafikiri, na mita 38 zinaisha breki ikiwa imekanyagwa. Hiyo ni lami kavu, breki nzima, dereva macho. Mvua ikinyesha, wanasema, uuhesabu umbali wote wa kusimama mara mbili au zaidi. Nanyi mnaijua Julai yetu. Ukungu wa asubuhi kutoka Aberdare, manyunyu, lami inang'aa, mbele huoni hata ng'ombe wa jirani.

Labda umeshtuka nilipotaja maili. Maili 50 za Waingereza ni kilomita ngapi? Hapa kuna kanuni tamu kuliko zote: maili 5 ni kilomita 8. Maili 50, basi, ni kilomita 80. Yaani ile 50 ya kitabu chao ndiyo 80 ya kibandiko chetu. Ukitaka kutoa maili uingie kilomita, zidisha kwa 8, gawanya kwa 5. Ukirudi, fanya kinyume.

Usidhani maili ni historia. Wazee wetu waliishi nazo, na majina yamebaki mpaka leo; ukifika Eldoret utashuka Maili Nne. Landrover za zamani zilizopanda mashamba ya chai na kahawa huku kwetu zilisoma maili. Na hata leo kuna magari yanayotoka Uingereza yakiwa na mshale wa maili, ilhali yale ya Japani yanasoma kilomita. Mtu amezoea gari la Japani miaka kumi, siku moja rafiki anamwazima gari la Uingereza. Anaingia Karatina, anaona kibao cha 50, anautuliza mshale kwenye 50, moyo wake mweupe kabisa. Lakini mshale ule ni wa maili. Anakwenda kilomita 80 kwa saa katikati ya watu wa sokoni, mita 22 kila sekunde, huku akiamini anakwenda 14. Kabla hujawasha gari la watu, tafuta maandishi madogo chini ya mshale. Yako pale, madogo sana, na ndiyo yanayokuambia namba ile ni ya nini.

Bado mko nami? Haya, tupumzike kidogo kutoka kwenye hatari, tuingie kwenye fahari.

Nyeri imemzaa Catherine Ndereba. Mnamkumbuka. Oktoba 2001, kule Chicago, alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47, ikawa rekodi ya dunia kwa wanawake. Wanariadha hawasemi kilomita kwa saa. Ukiwauliza kasi, watakuambia dakika ngapi kwa kila kilomita. Wamarekani, kwa kuwa bado wana maili zao, watasema Ndereba alikwenda maili moja kwa dakika 5 na sekunde 18 hivi. Sisi tutasema kilomita moja kwa dakika 3 na sekunde 17. Dereva atasema kilomita 18 kwa saa. Na mimi nitasema mita 5 kila sekunde, kwa zaidi ya saa mbili, bila kupumzika. Ni mwanamke yule yule, miguu ile ile, siku ile ile. Kilichobadilika ni anayeuliza.

Na jirani yetu wa Nyahururu, marehemu Samuel Wanjiru, alipoiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki kule Beijing mwaka 2008, alitumia saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Nilipoipiga hesabu hiyo mara ya kwanza nilisimama. Inatoka kilomita 20 kwa saa, karibu kamili. Dakika 3 kwa kila kilomita. Kijana wa miaka 21, katika joto la Agosti, kilomita 42, na kila dakika 3 kilomita moja inaanguka.

Lugha ya wanariadha inaweza kukusaidia wewe abiria. Sikiliza vizuri. Dereva anaona mshale, wewe huuoni. Lakini una simu, na simu ina saa ya sekunde. Kwenye barabara yenye vibao vya kilomita, anza kuhesabu unapopita kibao kimoja, acha unapopita kinachofuata. Ukipata sekunde 60, mnakwenda kilomita 60 kwa saa. Ukipata sekunde 45, mnakwenda 80, mko mwisho wa sheria. Ukipata sekunde 36, mnakwenda 100, na hapo una haki ya kufungua mdomo. Kumbuka hiyo: arobaini na tano ni themanini. Arobaini na tano ni themanini. Sema na makanga kwa adabu, "Kijana wangu, nimehesabu, tumepita." Si kelele za abiria mwoga, una hesabu mkononi.

Atakuambia mnachelewa. Muulize mnachelewa kiasi gani. Kutoka Nyeri hadi Nanyuki ni kama kilomita 60. Kwa 80, barabara ikiwa wazi, ni dakika 45. Kwa 100 ni dakika 36. Tofauti ni dakika 9. Mkifika Nanyuki, hizo dakika 9 zitaishia stejini mkisubiri abiria wa kurudi.

Kwa kuwa tumefika Nanyuki, kuna kipimo kimoja zaidi nisichotaka kukiruka, kinaitwa noti. Si noti ya benki. Ni lile fundo la kamba. Mabaharia wa zamani walitupa ubao majini nyuma ya chombo, umefungwa kamba yenye mafundo, wakahesabu mafundo mangapi yamepita mkononi huku mchanga ukimwagika ndani ya chupa. Mafundo mengi, kasi kubwa. Leo marubani wanaotua Nanyuki bado wanasoma noti, na Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali, mara nyingi utasikia noti 25. Mkulima wa Kieni mwenye paa la mabati afanye nini na noti 25? Azigawanye kwa mbili tu, apate mita 12 na nusu kwa sekunde. Ukweli unakaribia 13. Au azizidishe kwa mbili na kupunguza kidogo, apate kilomita 46 kwa saa. Ni upepo unaokwenda karibu kama gari mjini. Afunge mabati yake.

Noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa, na namba hiyo yenye mikia haikutoka hewani. Ilitoka kwenye mviringo wa dunia. Mviringo wowote una nyuzi 360, kila nyuzi ikagawanywa vipande 60, jumla vipande 21,600. Kipande kimoja kati ya hivyo, ukikipima juu ya bahari, ndiyo maili ya baharini, na noti ni maili hiyo moja kwa saa. Sasa nenda usimame pale kwenye bango la Ikweta, Nanyuki. Unadhani umesimama. Dunia inajizungusha mara moja kwa saa 24, nawe umebebwa nayo. Gawanya 21,600 kwa 24. Unapata 900. Noti 900! Kwa kilomita ni kama 1,670 kwa saa. Kwa mita ni zaidi ya 460 kila sekunde, haraka kuliko sauti ya radi, ambayo hukimbia kama mita 340 kwa sekunde. Mama anayeuza vinyago pale kando ya bango, mbuzi anayekula majani, wewe na simu yako, wote mnakwenda kwa kasi hiyo pamoja, na kwa kuwa mnakwenda pamoja hakuna anayehisi chochote. Matatu inamtisha shosho kwa sababu yeye na matatu hawaendi pamoja.

Naam, turudi kwa shosho, maana nilimwacha na swali.

Siku ile nilimweleza habari ya mita 22 kwa sekunde. Alisikiliza, akatikisa kichwa. "Mita mimi sizioni," akasema. "Barabarani hakuna mita. Nipimie kwa kitu ninachokiona."

Nikatazama huku na huku. Kando ya barabara kulikuwa na nguzo za stima, zimepangana kuelekea Naro Moru. Nikatembea kutoka nguzo moja hadi nyingine nikihesabu hatua, nikapata kama mita 50. Kisha nikamwomba avuke kama anavyovuka kila siku, na ndoo yake, barabara ikiwa tupu pande zote. Nikashika saa. Sekunde 9. Mita 22 mara 9 ni karibu mita 200. Mita 200 ni nguzo nne.

"Shosho," nikamwambia, "hiyo themanini ni nguzo nne."

Akasimama ukingoni mwa lami, akakinga jua kwa kiganja, akahesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne. Ya nne iko penye mkaratusi mkubwa uliokatwa tawi moja. Akasema matatu ikishafika kwenye ule mkaratusi, yeye havuki, hata wakimpungia mkono.

Halafu akanigeukia. "Na wale wasioifuata themanini?"

Nikapiga hesabu ya 100: mita 28, mara sekunde 9, mita 250. Nikamwambia nguzo ya tano. Akaitafuta kwa macho. Ilikuwa imejificha nyuma ya kona. Akaitazama ile kona kwa muda mrefu, kisha akarudi kwenye viazi vyake.